Vijana wa Kabaa na Mang'u

Jina la Mang'u likitajwa mbele ya wazazi, wengi huwaza kwanza juu ya mitihani, kisha juu ya wakubwa waliopita pale. Ni haki yao, maana shule iliyomlea Rais wa nchi, makamu wa rais zaidi ya mmoja, na Kardinali wa kwanza wa Kenya haiwezi kukosa sifa. Walakini mkulima anayehesabu malipo ya kahawa yake mezani, au karani anayegawanya mshahara wake mwisho wa mwezi, huenda akafaidika zaidi kwa kuuliza maswali mengine: ni vijana gani waliopata nafasi katika shule za namna ile, nani aliyewasemea nyumbani, na nani aliyeondoka kabla ya siku zake kwa kuwa mfuko wa baba ulikuwa mtupu. Habari hizo hazichorwi juu ya mabango ya sifa.

Shule hiyo haikuanzia Mang'u. Ilianza mwaka 1925 mahali paitwapo Kabaa, katika wilaya ya Machakos, nchi ya jua kali na mvua chache. Aliyeianzisha ni Padri Michael Witte wa Shirika la Roho Mtakatifu. Shirika hilo halikuwa geni Afrika Mashariki. Mapadri wake walikuwa wakifanya kazi Unguja na Bagamoyo tangu miaka ya 1860, kisha wakapanda bara, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi, wakati mji wenyewe ulikuwa bado kambi ya reli. Mwaka mmoja baada ya Kabaa, yaani 1926, misheni za Kiprotestanti ziliungana zikafungua shule ya Alliance kule Kikuyu, na tangu hapo mashindano ya shule hizi mbili, darasani na uwanjani, hayajapoa.

Haikuwa bahati tu kwamba shule hizo zilizaliwa karibu wakati mmoja. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki kutazama elimu ya Waafrika. Pamoja na wajumbe wake alikuwapo Dokta James Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, na watu wengi walivutwa na habari kwamba mtu mweusi mwenye elimu ya juu namna ile amekuja kupima shule za wazungu. Baada ya tume, serikali ya kikoloni ilizidi kuwapa wamisionari fedha za msaada, kwa sharti kwamba shule zao zifuate kanuni na zikaguliwe. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, mwaka 1928 Monsinyori Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwakutanisha wakubwa wa misheni mjini Dar es Salaam akawaambia neno ambalo liliwashtua mapadri wazee: washirikiane na serikali katika elimu, na pale wasipoweza kufanya kazi zote mbili, afadhali kanisa lingoje kuliko shule kuharibika. Mtu aliyezoea kuona padri akianza kwa kujenga altare atafahamu uzito wa agizo hilo.

Kabaa, basi, ilikuwa shule ya watu waliokuwa na haraka na wasiokuwa na vitu. Miongoni mwa watoto waliopelekwa huko alikuwapo Thomas Joseph Mboya, aliyeingia mwaka 1939 akiwa na umri wa miaka 9. Baba yake, mtu wa kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara katika shamba la mkonge la Kilimambogo karibu na Thika, wala hakujua kusoma. Mtoto huyo Mjaluo alikulia kati ya makabila ya watu, na alijifunza herufi zake za kwanza kwa kuziandika mchangani kwa kidole, maana hapakuwa na vibao vya kutosha. Mchanga una faida moja: kosa hufutwa kwa kiganja cha mkono. Hasara yake ni kwamba neno zuri nalo hufutwa vivyo hivyo, na mtoto hana la kumwonyesha baba yake anaporudi likizo.

Karibu mwaka 1940 masomo ya sekondari yalihamishwa kutoka Kabaa hadi Mang'u, upande wa Thika, na shule ikajulikana kwa jina la Chuo cha Roho Mtakatifu. Kabaa yenyewe haikufa. Ilibaki kuwa shule, na mpaka leo ina wanafunzi wake.

Maisha katika shule za bweni za Kikatoliki za siku zile yalifanana sana, ziwe za mapadri au za masista. Mtoto alifika na sanduku la bati, blanketi, na nguo ambazo mama alikuwa amezihesabu mara tatu. Kengele ililia kabla ya mapambazuko. Watu walioga kwa maji baridi, wakatandika vitanda, wakaenda kanisani. Misa ilisomwa kwa Kilatini, kama ilivyokuwa duniani kote mpaka miaka ya 1960, na vijana waliomtumikia padri altareni walikariri majibu marefu ya lugha ile kabla hawajaweza kuandika barua nzuri kwa Kiingereza. Kisha uji. Kisha kufagia, kila mtu mahali pake pa zamu, na kiranja akipita nyuma kutazama pembe za ukuta. Kisha darasa mpaka adhuhuri.

Chakula cha mahindi na maharagwe kilikuja siku baada ya siku, na kijana aliyelalamika aliambiwa na wenzake kwamba kwao pia hakuna nyama kila siku. Alasiri ilikuwa ya shamba au ya mpira. Jioni masomo ya kimya kwa mwanga wa taa, sala ya usiku, halafu ule unyamavu ambao kuuvunja kulikuwa kosa kubwa. Katika shule nyingi barua za wanafunzi zilipitia mikononi mwa mwalimu mkuu kabla hazijatumwa au kupokewa, kwa hiyo vijana walijifunza mapema kuandika habari za afya njema na za hali ya hewa. Yaliyo moyoni walingoja kuyasema likizoni.

Jambo moja la bweni ambalo wazazi hawakulifikiria sana lilikuwa kubwa kuliko ratiba yote. Mkamba, Mkikuyu, Mluhya na Mjaluo walilala katika safu moja ya vitanda. Nyumbani kila mmoja alikuwa amesikia mambo ya ajabu juu ya makabila mengine. Baada ya kuazimana sabuni na kupeana daftari kwa muda wa miaka 4 mambo hayo yalipungua nguvu, ijapokuwa hayakwisha, kama siasa za baadaye zilivyoonyesha.

Kuhusu jembe palikuwa na ugomvi, na ugomvi huo unastahili kuelezwa kwa haki. Tume ya mwaka 1924 ilikuwa imeshauri kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe katika kilimo, ufundi na afya ya kijiji. Wazungu wengi waliipenda shauri hiyo, na baadhi yao kwa sababu zisizo njema: mtu aliyefundishwa jembe tu hatauliza habari za ofisi. Wazazi walinung'unika. Walisema kwamba kulima wanakujua wenyewe, na kwamba hawakuuza mbuzi ili mtoto akalime shamba la padri. Hapo wazazi walikuwa na neno. Lakini msomaji asidhani kwamba kazi ya mikono ilikuwa hasara tupu. Katika shule ya misheni ya Mathari huko Nyeri, ambako Mwai Kibaki alisoma kuanzia mwaka 1944 hadi 1946, wanafunzi walifundishwa useremala na uashi, wakatengeneza viti na meza zilizovunjika, wakarekebisha majengo, na wakalima sehemu ya chakula chao. Shule ambayo wanafunzi wake hujilisha inaweza kupokea mtoto wa maskini kwa karo ndogo zaidi. Hesabu yake si ngumu. Tofauti ilikuwa hapa: je, baada ya jembe kulikuwa na kitabu kweli, au jembe lilikuwa ndilo somo lenyewe? Kule Mang'u kitabu kilikuwapo. Kibaki aliingia mwaka 1947, na alipofanya mtihani wake wa mwisho mwaka 1950 alipata alama za juu kabisa.

Watu husahau kwamba kijana huyo karibu asingeingia shule kamwe. Alikuwa kitinda mimba wa familia ya wakulima huko Gatuyaini, Othaya, na palikuwapo kondoo wa kuchungwa. Shemeji yake, Paul Muruthi, ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto huyu asipotee malishoni bali apelekwe shule. Hata alipokuwa mwanafunzi wa sekondari, likizo hazikuwa za kupumzika. Alifanya kazi ya utingo katika mabasi ya chama cha Waafrika wa Othaya, akipakia mizigo na kupokea nauli. Alipokaribia kumaliza alitamani kuwa askari, kwa kuwa alikuwa amewaona watu waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili, lakini serikali ilikuwa imekataza Wakikuyu, Waembu na Wameru kuandikishwa jeshini. Akaenda Makerere kusoma uchumi. Amri iliyokusudiwa kuwazuia watu wake bunduki ikamwongezea nchi mtu wa hesabu, jambo ambalo aliyeiandika hakulitazamia.

Kwa wasichana mlango ulikuwa mwembamba zaidi. Watawa wa Loreto kutoka Ireland walifungua shule yao ya Limuru mwaka 1936, na kwa miaka mingi msichana wa Kiafrika Mkatoliki aliyetaka masomo ya sekondari hakuwa na mahali pengi pa kugeukia ila huko. Wangari Muta, ambaye ulimwengu baadaye ulimjua kwa jina la Wangari Maathai, alisoma pale kuanzia mwaka 1956 hadi 1959. Yeye naye alisemewa nyumbani. Kaka yake Nderitu, kijana mdogo bado, alimwuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri akaona kwamba hapana sababu. Swali lilikuwa la mtoto, na jibu lilikuwa la mjane wa fedha kama walivyo akina mama wengi wa vijijini, lakini mama yule alipata njia.

Kabla ya Limuru, Wangari alikaa miaka kadhaa katika shule ya bweni ya Mtakatifu Cecilia, katika misheni hiyo hiyo ya Mathari, chini ya masista wa Consolata kutoka Italia. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, nchi ya Nyeri ilijaa askari, vijiji vya kulazimishwa na hofu ya usiku. Ndani ya ua wa masista watoto walisoma na kusali. Hata hivyo ua haukuweza kumfuata mtu njiani. Wakati mmoja, akiwa safarini katika likizo, msichana huyo alikamatwa akawekwa kambini siku 2. Wale wanaosimulia kwamba shule za misheni zilikuwa visiwa mbali na taabu za watu wao wangefaa kulikumbuka hilo.

Katika Mtakatifu Cecilia ndiko kulikokuwa na kifungo kilichoitwa monita. Msichana aliyesikika akisema lugha nyingine isiyokuwa Kiingereza alivishwa kifungo hicho, akakaa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea amvishe. Aliyekutwa nacho jioni alipewa adhabu ya kufagia au kukata nyasi au kulima bustani. Desturi hii ilikuwapo katika shule nyingi za Kenya, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, na baadhi ya shule ziliishika hata baada ya uhuru. Walimu waliitetea kwa kusema kwamba mtihani wa Cambridge hautafsiriwi. Ni kweli, mtihani huo ulikuwa wa Kiingereza, na aliyeanguka katika Kiingereza alianguka katika yote. Lakini kifungo kilifundisha pia somo ambalo halikuandikwa ubaoni. Kilimfundisha mtoto kumpeleleza rafiki yake, na kuona haya kwa maneno ya mama yake. Wangari mwenyewe alipokuwa mtu mzima aliandika juu ya madhara hayo, ingawa aliwaheshimu masista waliomfundisha mpaka mwisho wa maisha yake. Mtu anaweza kushukuru na kulaumu kwa kinywa kimoja.

Kwa sababu hiyo inapendeza kuona kwamba wito wa shule ya Mang'u haukuandikwa kwa Kilatini wala kwa Kiingereza. Ni Kiswahili: Jishinde Ushinde. Maneno mawili tu, na mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho darasani huyaelewa bila kamusi.

Mapadri walikuwa na tumaini lao la siri, wala hawakulificha sana: kwamba miongoni mwa vijana hao watatoka mapadri. Wazazi walikuwa na tumaini lao: mtoto atoke karani, mwalimu, au daktari, alipe karo ya wadogo zake. Kijana mwenyewe alikaa katikati. Maurice Otunga ni mfano wa pekee. Alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wabukusu, mwana wa chifu Sudi Namachanja, mtu mwenye wake wengi na jina kubwa. Alibatizwa mwaka 1935, akapita katika masomo ya shule hii, na baba yake alimtazamia ashike kiti cha uchifu baada yake. Otunga akakataa, akaenda seminari. Kwa watu wa siku zile kukataa uchifu ilikuwa kama kukataa ng'ombe waliokwisha fikishwa zizini. Alipewa upadri mjini Roma mwaka 1950, akafanywa Askofu Mkuu wa Nairobi mwaka 1971 na Kardinali mwaka 1973. Hata hivyo wengi wa wanafunzi wenzake hawakuwa mapadri, na shule haikuwafukuza kwa hilo. Hapo mapadri wa Roho Mtakatifu walionyesha akili.

Walimu nao walipata majaribu ya kuchagua. Upande wa Tanganyika, Julius Nyerere alifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis huko Pugu, karibu na Dar es Salaam, baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Alikuwa akifundisha huku akiongoza chama cha TANU. Mwaka 1955 alitakiwa achague ualimu au siasa, akaacha kazi. Mwalimu wa sekondari alikuwa na mshahara wa kuaminika na nyumba. Chama hakikuwa na chochote. Cheo cha Mwalimu hakikumtoka hata alipokuwa Rais.

Turudi kwa mtoto wa nyapara. Kutoka Kabaa, Tom Mboya alipelekwa mwaka 1942 katika shule ya Mtakatifu Maria kule Yala, kwa mapadri wa Mill Hill, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Darasani hakuwa na tatizo. Alikuwa msemaji na mwigizaji hodari wa sauti za watu, mtu wa kupenda mjadala. Alipofaulu mtihani wa ngazi ya kwanza ya sekondari ilibaki sehemu ya mwisho, ile ya kumfikisha kwenye cheti cha Cambridge, na baada yake labda Makerere. Baba hakuweza kulipa. Hapakuwa na kosa la mwanafunzi wala ukaidi wa shule. Palikuwa na mshahara wa mtu wa mkonge na idadi ya watoto. Mboya akaondoka Mang'u, na mwaka 1948 akaingia katika mafunzo ya wakaguzi wa afya mjini Nairobi. Alipomaliza akawa mtumishi wa halmashauri ya mji, akipima maziwa na kutazama mifereji, na humo ndimo alipokutana na jambo la mishahara miwili kwa kazi moja, mmoja wa mzungu na mmoja wa Mwafrika. Akaingia katika vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, naye hajafika miaka 24.

Pengine mtu aliyenyimwa kitu husahau alipoondoka kisima, akapita njia yake. Mboya hakusahau. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Marekani akiomba nafasi za masomo katika vyuo vya huko, chuo kwa chuo, na watu binafsi wakitoa fedha za nauli. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Nyumbani vijiji vilifanya karamu za chai na michango ya senti ili kijana wao apate koti na viatu vya safari. Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema kwamba vyuo vingine vya Marekani ni hafifu na kwamba Makerere inatosha, hali nafasi za Makerere zilikuwa chache mno kwa nchi tatu. Mwaka 1960, jamaa ya Kennedy ikiwa imetoa dola 100,000, safari ziliendelea. Miongoni mwa waliopanda ndege mwaka huo alikuwa Wangari wa Loreto Limuru, aliyepelekwa katika chuo cha watawa wa Kibenedikto katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Kwa muda wa miaka ile michache vijana wapata 800 wa Afrika Mashariki walivuka bahari kwa mpango huo. Mtu aliyeitoka Mang'u kwa kukosa karo aliwatafutia wengine karo ng'ambo ya pili ya dunia. Aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kabla hajatimiza miaka 39. Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Baada ya uhuru shule zenyewe zilibadilika. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziondoa mikononi mwa misheni ikaziweka chini ya serikali, na Kanisa likabaki mdhamini: lina sauti katika bodi na katika mambo ya dini, lakini walimu huajiriwa na tume ya serikali iliyoundwa mwaka 1967. Maaskofu wamelalamika mara nyingi kwamba sauti hiyo imekuwa ndogo, na walimu wakuu kadhaa wamelalamika kwamba ni kubwa mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mang'u ilihamia katika makao yake ya sasa karibu na Thika. Wanafunzi wake husoma pia ufundi wa ndege, somo ambalo ni nadra katika shule za sekondari. Wanafunzi wa madhehebu mengine na wa dini nyingine wamekuwa wengi, na Misa ni ya Kiingereza au Kiswahili.

Desemba 2002 Mwai Kibaki alichaguliwa kuwa Rais. Waziri wake wa Elimu alikuwa Profesa George Saitoti, mtu wa hisabati, naye pia aliwahi kuwa mwanafunzi wa Mang'u. Januari 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani kwa ghafla, wengine wakiwa warefu kuliko madawati. Mwalimu mmoja akajikuta na watoto 80 au 100 mbele yake, na chaki ile ile. Walioibeza hatua hiyo walisema elimu imeharibika. Jibu la mzazi ambaye mtoto wake alikuwa nyumbani akichunga lilikuwa tofauti. Januari 2008 serikali ikaanza kulipa gharama za masomo katika sekondari, shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na kuanzia mwaka 2018 fedha hizo zikapandishwa hadi shilingi 22,244.

Fedha hizo ni za masomo. Kitanda na chakula cha bweni vilibaki kwa mzazi, na mwongozo wa serikali wa mwaka 2015 uliweka kikomo cha shilingi 53,554 kwa mwaka katika shule za kitaifa, ambazo Mang'u ni mojawapo. Juu ya kiasi hicho huja sare, godoro, sanduku, viatu, vitabu na nauli. Mwenye mshahara mzuri hulipa kwa awamu. Mwenye ekari mbili za chai hukopa katika chama cha ushirika. Asiyekuwa na mshahara wala chai hubaki na barua ya mwaliko iliyokunjwa ndani ya Biblia au nyuma ya picha ya ukutani, na mtoto wake, aliyepata alama zilizomshinda mtoto wa jirani, huingia shule ya kutwa iliyo karibu, akisoma jioni baada ya kuteka maji. Shule ya kutwa si aibu, na wapo waliofaulu wakitokea huko. Lakini huyo hakuichagua.

Tangu mwaka 2003 kuna mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi, na sehemu yake hutolewa kuwa msaada wa karo. Maombi ni mengi kuliko fedha, na shilingi elfu chache hugawanywa ili kila kata ipate kitu, hata ikawa msaada haumtoshi mtu yeyote muhula mmoja. Kila mwanzo wa mwaka wazazi hupanga foleni na fomu mikononi. Katika fomu hizo pana nafasi ya sahihi ya chifu, na chini yake nafasi ya sahihi ya padri au mchungaji, ashuhudie kwamba jamaa hii kweli haina uwezo.